Hewa ya kebini ipimwe kwa vyombo, si kwa pua za wahudumu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo ambalo abiria wengi hawalijui, na ambalo sisi tuliofanya kazi ya uhudumu wa ndege huwa tunalizungumza wenyewe kwa wenyewe tu.

Katika ndege nyingi za jeti, hewa anayovuta abiria hupitia kwanza ndani ya injini. Kompresa huivuta kutoka nje na kuishindilia, kisha sehemu yake huchepushwa kabla haijafika yanapochomwa mafuta, ikapozwa na kuletwa kwenye kebini. Ndege ikiwa uwanjani, kazi hiyo hufanywa na injini ndogo iliyoko mkiani. Mara nyingi hewa hiyo huja safi. Lakini beringi za injini hulainishwa kwa oili, na kinachoizuia oili hiyo isitoke ni sili zinazotegemea shinikizo la hewa hiyo hiyo. Sili ikichakaa, oili ikijazwa kupita kiasi, au shinikizo likibadilika ghafla, oili kidogo hupenya, ikaungua kwa joto na kuingia tunakopumulia.

Waliowahi kukutana na hali hiyo wanaijua harufu yake: ya soksi chafu, zilizolowa na kuachwa siku nyingi. Niliinusa mara nyingi, hasa injini zinapowashwa. Safari moja ilikuja na ukungu mwembamba wa bluu juu ya viti vya nyuma. Koo likaniwasha, kichwa kikaanza kuuma, na mwenzangu akawa anasahau maneno ya tangazo analolisema kila siku. Tuliwaambia abiria kwamba ni mfumo wa hewa tu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kusema. Rubani aliandika kwenye kitabu cha ndege, mafundi wakakagua, wakajibu kwamba hawakuona kasoro. Ndege ikaruka tena.

Oili hiyo huongezewa kemikali iitwayo trikresili fosfeti ili vyuma visisagane. Iko katika jamii moja na baadhi ya sumu za kuulia wadudu, na aina yake mojawapo inajulikana kwa kuharibu mishipa ya fahamu. Mwaka 1959 nchini Moroko, oili ya injini za ndege iliyotoka katika kambi ya jeshi la anga la Marekani ilichanganywa na mafuta ya kupikia na kuuzwa sokoni. Watu wapatao 10,000 waliugua, wengi wao wakapooza miguu. Sisemi kwamba abiria yuko katika hatari kama ile. Wale waliila, tena kwa wingi, na oili za sasa zina kiasi kidogo sana cha aina ile kali. Ninachosema ni kwamba kitu cha namna hii hakistahili kukadiriwa kwa harufu.

Tukilalamika hujibiwa kwamba ndege zina vichujio vya HEPA. Ni kweli, na kwa virusi na vumbi vinafanya kazi nzuri sana. Lakini vichujio hivyo husafisha hewa inayozungushwa upya ndani ya kebini. Hewa mpya inayotoka kwenye injini haipiti hapo kabla ya kutufikia, na hata ingepita, vichujio hivyo hunasa chembechembe, havinasi gesi wala mvuke.

Jibu la pili ni kwamba vipimo vimeshafanyika. Uingereza iligharimia utafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield uliopima hewa katika safari 100 na kuchapishwa mwaka 2011, na viwango vilivyopatikana vilikuwa vidogo. Nauheshimu utafiti huo. Ila katika safari hizo zote halikutokea tukio hata moja la moshi lililostahili kuripotiwa rasmi. Kwa hiyo unatueleza siku za kawaida, ilhali malalamiko yetu ni ya siku isiyo ya kawaida. Desemba 2010, marubani wawili wa ndege iliyokuwa inakaribia kutua Köln, Ujerumani, walisikia harufu kali, wakaanza kuzidiwa, wakalazimika kuvaa barakoa za oksijeni. Walitua salama, lakini kwa taabu kubwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni hiki. Kanuni za Marekani zinasema hewa ya kebini yenye kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayoweza kutokea oili ikiungua, zaidi ya sehemu 1 kati ya 20,000 ni ya hatari. Kikomo kipo, kimeandikwa, lakini ndege hailazimiki kubeba chombo cha kukipima ikiwa angani. Gesi hiyo haina harufu. Nani atajua kikomo kimevukwa?

Dawa ipo. Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, haichukui hewa ya kebini kwenye injini. Inatumia kompresa za umeme zenye njia yake ya hewa. Sitarajii ndege za zamani zitupwe. Zifungiwe vihisi vya kaboni monoksidi na vya mvuke wa oili, taarifa zake zihifadhiwe, na hewa ya injini ipitishwe kwenye vichujio vinavyonasa mvuke. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilitoa mwongozo wa kuwafundisha wafanyakazi kuyatambua na kuyaripoti matukio haya. Ni mwongozo tu, haumbani mtu. Mamlaka za anga ziugeuze kuwa kanuni.

Na siku moshi ukiingia, wote waliokuwemo waambiwe kwa maandishi walichovuta, tarehe na namba ya safari, ili anayeanza kuumwa kichwa au kufa ganzi vidole awe na karatasi ya kumpa daktari. Mjamzito na mwenye pumu waambiwe kabla hawajashuka. Wahudumu nao wapimwe damu siku hiyo hiyo, wasisubiri hadi likizo.

Mhudumu wa ndege mstaafu