Barua ya wazi kwa mjomba aliyebeba ngano ya Basotu

Mjomba, shikamoo.

Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu ombi langu linawahusu watu wengi kuliko familia yetu. Maelfu ya vijana hupita kila siku katika kata ya Unga Limited hapa Arusha bila kujua kwamba jina hilo lilikuwa la kampuni ya kusaga nafaka, iliyoanzia Kenya na kuwa na kinu mjini kwetu. Habari za vinu bado zinaweza kupatikana kwa mwenye subira ya kuzitafuta. Habari za malori yaliyovilisha vinu hivyo mnazo ninyi madereva na mataniboi, yaani wasaidizi wa lori, mliobaki, na hakuna aliyeziandika. Ndiyo maana nakuomba, mbele ya wasomaji wote, ukubali kuzisimulia nikiwa nimewasha kinasa sauti.

Mambo ya wakubwa yanajulikana. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, kampuni kubwa za kusaga nafaka zilikuwa miongoni mwa mali za kwanza kutaifishwa, na mwaka 1968 likaanzishwa shirika la umma la usagishaji ambalo wazee hulitaja mpaka leo kwa herufi tatu tu, NMC. Andy Chande, ambaye kampuni ya familia yake ilikuwa mojawapo ya zilizochukuliwa, aliombwa na serikali abaki kuliongoza shirika hilo, naye baadaye aliandika kumbukumbu za maisha yake. Alifanya vyema, kwa maana bila kitabu tungekuwa na uvumi mtupu. Sasa tunahitaji upande wa barabarani.

Nianze na safari ya Basotu, kule Hanang, ambayo ndiyo ulipenda zaidi kuisimulia. Mashamba ya ngano ya Hanang yalilimwa na NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada, tena kwa mashine kubwa, hivyo mavuno yalipoanza ngano ilitoka kwa wingi na kwa pamoja, ikawangoja ninyi. Ulitueleza jinsi udongo mweusi wa tambarare zile unavyonata mvua ikinyesha hata kidogo, na jinsi mlivyolazimika kufika Katesh, kisha Babati, kabla giza halijaingia. Kutoka hapo mlifuata barabara ya vumbi na makorongo hadi Makuyuni, ndipo mkapata nafuu ya kuelekea Arusha. Taniboi wako hakukaa mbele pamoja nawe kwenye milima. Alisimama nyuma ya bodi akiwa ameshika kabari ya mti, tayari kuruka na kuikita chini ya tairi endapo lori lililojaa magunia lingeshindwa kupanda na kuanza kurudi nyuma. Kazi hiyo ilihitaji kijana mwenye macho makali na mguu mwepesi, na ninaamini inastahili kuandikwa kwa heshima ileile inayopewa kazi ya dereva.

Nilikuwa mtoto uliponiruhusu kusimama kando ya lori wakati wa kupakua, na kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni bambo. Mkaguzi alikichoma kile chuma chenye mfereji ubavuni mwa gunia, akakivuta kikiwa na punje chache, akazimimina kiganjani, akazinusa, kisha akatafuna mbili tatu ili ajue kama ngano imekauka. Wewe ulisimama karibu bila kusema neno, kwa maana mzigo ukikataliwa safari nzima ingekuwa ya bure. Baada ya hapo ndipo wapakuzi walipojifunika gunia tupu kichwani na mabegani na kuanza kazi. Ndani, ngano haikusagwa papo hapo kama mahindi yanavyosagwa kwa nyundo kwenye mashine za mitaani. Ilisafishwa, ikaloweshwa kidogo, ikaachwa kwa saa kadhaa ili ganda lilainike, kisha ikapitishwa mara nyingi kati ya roli za chuma na kuchekechwa hadi unga mweupe ukatengana na pumba.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, na hapa ndipo ninapoona watu wanawahukumu madereva bila haki. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, pamoja na KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Moshi uliokuwa umedumu tangu 1933, vilivunjwa, na NMC ikabebeshwa kazi ya kununua nafaka moja kwa moja vijijini. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, kwa hiyo dereva wa Arusha aliyezoea kupata kipuri kutoka Nairobi akajikuta hana pa kukimbilia. Kisha vikaja vita vya Kagera na uhaba wa mafuta. Yaani shirika lilitakiwa kufika katika vijiji vingi zaidi wakati uleule ambapo malori yake yalikuwa yakisimama kwa kukosa tairi na betri. Tulipopanga foleni kwa ajili ya unga wa njano kutoka ng'ambo, ule uliobatizwa unga wa Yanga, wengi walidai kwamba madereva ndio walioficha sembe. Sisemi kwamba hapakuwa na wezi. Nasema kwamba gari lililokwama porini halikuonekana na mtu aliyekuwa kwenye foleni, na ni ninyi tu mnaoweza kulielezea.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Mwaka 1984 mtu binafsi aliruhusiwa kusafirisha nafaka hadi kilo 500 bila kibali, na mwaka 1987 masharti hayo yakaondolewa. Wafanyabiashara wakaingia na malori yao, mashine za kukoboa na kusaga zikaenea kila mtaa, na nafasi ya NMC ikapungua mwaka hadi mwaka.

Kuna jambo moja ambalo hukulisimulia sana, nami nakuomba ulifikirie kabla sijafika. Ngano ya Hanang ilistawi juu ya ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia mifugo yao, na walilalamika hadi mahakamani. Ulipita katikati yao kwa miaka mingi. Je, mlizungumza nao? Waliwauzia maziwa, waliwasaidia mlipokwama, au waliwatazama kama sehemu ya watu waliowanyang'anya malisho? Ningependa pia kujua nani alilipia chakula chenu njiani, mlilala wapi Babati, na posho ya taniboi ilikuwa sawa na yako kwa kiasi gani.

Nitafika Usa River Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tafadhali mwarifu na taniboi wako wa zamani anayeishi Kikatiti, kwani wewe mwenyewe umesema kwamba yeye ndiye anayekumbuka majina ya madereva wote wa njia ya Katesh, na kama mamlaka ya shangazi yataruhusu, tafuta na ile leseni yako ya kwanza tuipige picha.

Mpwa wako.