Shukrani kwa fundi wa balsa na faibaglasi

Fundi, jina lako hatulijui, lakini ahsante sana. Maelezo yako ya kuimarisha bawa la ndege ya mfano lililoundwa kwa balsa, yaani mbao nyepesi sana, kwa kitambaa cha faibaglasi (nyuzi za kioo) yamenyooka.

Kiini ni uzito wa kitambaa. Gramu 25 kwa mita ya mraba zinatosha bawa na mkia. Cha gramu 50 kiwekwe penye kashkash tu, yaani tumboni na pale mabawa mawili yanapoungana. Epoksi, yaani gundi ya kukishikiza kitambaa kwenye mbao, iwe ya kukauka polepole, kwa sababu ile ya dakika 5 huganda kabla hujamaliza kuitandaza. Imiminwe katikati, isukumwe kuelekea kingoni kwa kadi ya plastiki, kisha karatasi ya chooni ibingirishwe juu yake inyonye ziada. Nyuzi za kitambaa zibaki zinaonekana. Pakimeremeta kama kioo, ujue umeongeza uzito wa bure, na mkiani ndiko kubaya zaidi: gramu 1 ya huko huweza kudai gramu 2 au 3 za madini ya risasi puani ili ndege isawazike.

Ahsante pia kwa onyo la msasa. Anza na namba 240, malizia na 400, barakoa usoni, na uache mara nyuzi zinapoanza kuchomoza. Ukizikata, nguvu imekwenda.

Lile la kudondoshea supagluu nyepesi kwenye matundu ya skrubu na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kuirudisha skrubu ni dogo, ila balsa laini haishiki skrubu bila hilo.