Kazi yako ionekane: barua kwa vijana wanaoingia kwenye timu za programu kiangazi hiki

Wanangu,

Nawasalimu kwa upendo. Nimeandika programu kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimewalea vijana wa chuo wanaokuja wakati wa likizo: wanne, watano, pengine sita katika timu moja, wiki kumi mkononi, na mtu wa kweli anayesubiri akabidhiwe kitu kinachofanya kazi. Wengi wenu mnakuja na hofu kwamba hamjui lugha za programu za kutosha. Hofu hiyo iwekeni kando, lugha mtajifunza. Ninayemhofia mimi ni kijana anayeficha kazi yake.

Namkumbuka mmoja, hodari kweli kweli. Alipewa sehemu ya kupanga miadi. Kila asubuhi tukimuuliza, jibu ni lile lile: "Inaendelea vizuri." Wiki tatu zikapita, tawi lake, yaani nakala ya programu aliyokuwa akiifanyia kazi peke yake, halijaunganishwa na kazi ya wenzake hata mara moja. Siku ya kuunganisha ilipowadia, Git, programu inayounganisha kazi za wanatimu, ikamwaga migongano skrini nzima, yaani mahali ambapo wawili wamebadilisha mistari ile ile. Hiyo haikututisha, maana mgongano unaouona unakaa nao mpaka uishe. Kilichotuumiza kilipita kimya. Yeye alikuwa akiandika tarehe kwa kutanguliza mwezi, na mwenzake wa upande wa hifadhidata akitanguliza siku. Tarehe 3 Aprili ikageuka 4 Machi, na programu haikulalamika, kwa sababu zote mbili ni tarehe halali. Mpaka siku mtu alipoweka miadi ya tarehe 25 ndipo ilipogoma, maana hakuna mwezi wa 25. Tulitumia siku nne kusafisha data iliyokwisha kuharibika. Kijana wa watu alikaa mbele ya kompyuta macho yamemlengalenga, na mimi nilijua kwamba kosa ni langu pia: niliridhika na "vizuri" yake badala ya kumwambia, "Hebu nionyeshe."

Msidhani haya huwapata wanafunzi tu. Mwaka 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kilichotumwa kwenye sayari ya Mars, baada ya safari ya zaidi ya miezi tisa. Programu moja huku duniani ilitoa hesabu za msukumo kwa kipimo cha pauni, na iliyozipokea ikazichukua kana kwamba ni za newton, kipimo kingine cha nguvu. Ufa ulikuwa pale kazi za timu mbili zilipokutana. Ndiyo maana nawasihi muunganishe kazi zenu kila siku, hata kama ni kipande kidogo kisichopendeza. Afadhali mwenzio aone kazi mbichi leo, kuliko wote mwone kazi iliyooza wiki ya saba.

Na mkikwama, semeni. Mimi huwapa vijana wangu nusu saa: ukihangaika na tatizo moja kwa muda huo bila kupiga hatua, inuka ukaulize. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika kazi hii nimeona ukweli wake mara nyingi mno. Anayeuliza wiki ya kwanza hakuna atakayemkumbuka kwa swali lake. Aliyenyamaza mpaka wiki ya tano amekwisha kuwakwamisha wenzake wanaomtegemea.

Hesabuni pia njia za mazungumzo. Watu wawili wana njia moja kati yao, wanne wana sita, na sita wana kumi na tano. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa IBM System/360, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Basi mkiona muda unawaponyoka, msikimbilie kuomba mtu wa kuongeza. Punguzeni kazi. Nendeni kwa anayesubiri programu mkamwambie mapema ni kipi kitakuwa tayari na ni kipi hakitakuwepo. Wengi huelewa wakiambiwa mapema.

Kukagua msimbo wa mwenzio, yaani mistari ya programu aliyoiandika, ni kazi kamili, si hisani. Akikuletea mistari mia, utaisoma. Akikuletea elfu tatu utapitisha macho juu juu na kuandika "safi", kwa hiyo mleteane vipande vidogo. Sema, "Hapa patavunjika orodha ikiwa tupu," usiseme, "Hujui kazi."

Jambo jingine linaniuma sana. Nimeona timu ambazo binti anaachiwa kuandika kumbukumbu za kikao na kupamba wasilisho la mwisho, huku wavulana wakigawana msimbo. Likizo inaisha, amewahudumia wote na hajajifunza alichokuja kujifunza. Pokezaneni kumbukumbu kwa zamu. Viongozi wa timu, hili nalitegemea kwenu.

Siku ya kwanza, kabla ya kugawana chochote, tengenezeni programu isiyofanya lolote ila kuonyesha majina yenu. Kila mmoja aongeze jina lake kwa mkono wake, mwenzake alikague, liunganishwe, lifike mpaka kwenye seva, kompyuta itakayoiendesha programu yenu. Ambaye kompyuta yake imegoma ajulikane jioni hiyo hiyo, wenzake wakae naye mpaka ikubali. Kisha niiteni, nije niyasome majina yote.

Mzee wenu