Barua kwa mwanangu aliyeambiwa arudi akishapungua

Mwanangu,

Nimesikiliza ile voisi yako yote, hata pale ulipokuwa huongei unalia tu, nikaona nikuandikie manake kwenye simu tutaishia kulia wote wawili na kuna mambo nataka uyasome taratibu ukiwa umetulia. Kwanza pole mama. Pole sana. Mtu usiku hulali sababu ya goti, ngazi za nyumba yako mwenyewe unapanda umeshika ukuta, umesubiri miezi na miezi kumuona bingwa, halafu unafika pale anaangalia karatasi anakwambia we ni mzito mno, oparesheni ya kubadilisha goti haiwezekani, rudi ukishapungua. Basi. Hata goti lenyewe hakuligusa! Lazima iume.

Unajua mama yako nimekaa wodi ya upasuaji mpaka nimestaafu, kwaiyo sitakudanganya kukufurahisha. Hofu yao ni ya kweli. Mwili ukiwa mkubwa daktari wa usingizi, yule anayekulaza kwa oparesheni, anapata kazi kulinda njia ya hewa, kidonda kinachelewa kufunga, na bakteria wakiingia kwenye goti la bandia ni balaa, wakati mwingine linatolewa lote waanze upya. Nimeosha vidonda vilivyofumuka na sitaki kimoja kiwe chako. Ila kuongezeka kwa hatari sio kwamba haifanyiki, watu wenye miili mikubwa wanabadilishiwa magoti kila siku na maumivu yanawapungua vizuri tu kama wenzao.

Sasa hiyo BMI yao, namba waliyokupimia unene. Ni uzito wako kwa kilo ugawe kwa urefu wako kwa mita uliojizidisha wenyewe, hamna kingine. Aliyeanzisha hesabu hiyo ni Mbelgiji anaitwa Quetelet, miaka ya 1830, alikuwa mtu wa hesabu na nyota, wala hakuwa daktari, alikuwa anatafuta mtu wa wastani yukoje. Haijui mafuta yako yamekaa wapi, haijui sukari yako iko sawa au la, haijui moyo wako. Hospitali nyingi zimeweka mpaka kwenye 40. We una kilo 108 na urefu wa mita 1.60, inakuja 42. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu, ukifika kilo 102 umeshashuka chini ya 40. Kilo sita mama! Nilivyosikia unalia nilidhani wamekwambia upungue nusu ya mwili. Na kila kilo moja inayotoka, goti linapunguziwa mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua, kwaiyo hizo sita zenyewe utazisikia hata kabla ya kisu.

Kinachonikasirisha mimi ni kwamba wamekuacha mikono mitupu. Hakuna mtu wa lishe, hakuna fizio wa kukuonyesha mazoezi, hakuna tarehe ya kurudi, hata dawa za maumivu hawajaziangalia. Hapohapo Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, wa Oktoba 2022 unasema wazi mgonjwa wa magoti yaliyosagika asinyimwe kupelekwa kwa bingwa kwa sababu ya uzito. Kweli uamuzi wa kupasua anabaki nao daktari mwenyewe, ila una haki ya kuuliza. Kwaiyo rudi kwa daktari wako wa kawaida, mwambie unataka sababu kwa maandishi, uzito gani hasa wanautaka, lini watakuangalia tena, na kama kuna bingwa mwingine unaweza kuonana naye. Uliza kwa adabu lakini usiondoke bila jibu. Mumeo aende na wewe awe anaandika, manake ukishaumia moyo husikii nusu ya wanachosema.

Halafu waambie unakoroma. Usione aibu, tangu utotoni unakoroma, na kama pumzi inakatika usingizini daktari wa usingizi lazima ajue mapema, kuna kipimo na kuna mashine ya kusaidia. Omba na sukari wapime.

Usijishindishe njaa. Nakujua, utaanza kunywa maji ya ndimu na kulala bila kula, halafu misuli ya mapaja inaisha na hiyo misuli ndo inayolishika goti. Kidonda nacho kinahitaji protini, kula samaki, mayai, maharage, punguza wali na soda na hizo chapati za saa nne usiku. Mazoezi fanya ya kukaa na kusimama kwenye kiti, na kama kuna bwawa karibu ingia, majini goti halibebi uzito wote. Mkongojo ushike mkono wa upande usiouma. Zile sindano za kupunguza mwili sizipingi, zimesaidia watu wengi, ila uandikiwe na daktari, usinunue mtandaoni, na siku ya oparesheni ikifika uwaambie unazitumia kwa sababu chakula kinakaa tumboni muda mrefu.

Na lingine. Huku nyumbani ukija wanakushangilia umenawiri, huko wanakuangalia kama umefanya kosa, na tangu shule walikuita kibonge mpaka ukazoea kuomba samahani kwa kukaa tu kwenye kiti. We si mvivu. Umezaa, umelea, umefanya kazi za kusimama usiku kucha kwenye nyumba za wazee huko, goti limesagika ukiwa unabeba wazazi wa watu. Usiache kwenda kliniki eti wasikupime kwenye mzani. Nimeona wengi walioacha kwa aibu wakarudi na mambo makubwa zaidi.

Ijumaa ukitoka kazini nipigie tuandike pamoja hayo maswali, na ile barua ya hospitali ipige picha unitumie kurasa zote, hata ya nyuma.

Mama yako