Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaotafuta Kazi: Cheti, Ujuzi na Ushahidi Wake

Wanangu,

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kuajiri watu, na hata baada ya kustaafu ninaitwa mara kwa mara kukaa katika majopo ya usaili. Ndiyo maana nimeona niwaandikie, ninyi mnaotafuta kazi ya kwanza na ninyi mnaotafuta nyingine baada ya ile mliyoizoea kutoweka, kuhusu habari inayovuma siku hizi kwamba waajiri hawaangalii tena shahada, wanaangalia ujuzi. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, ila anayeipokea nusunusu anaweza kuumia.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Griggs dhidi ya kampuni ya umeme ya Duke Power, iliamua kwamba mwajiri haruhusiwi kudai cheti cha sekondari iwapo sharti hilo linawafungia nje watu weusi na halihusiani na uwezo wa kuifanya kazi. Pamoja na hukumu hiyo, waajiri wengi waliendelea kudai shahada hata kwa kazi ambazo waliotangulia walizifanya vizuri bila shahada, kwa sababu maombi yanapokuwa mengi shahada ni njia rahisi ya kuyapunguza. Machi 2022 jimbo la Maryland liliondoa sharti hilo katika maelfu ya nafasi za serikali yake, majimbo mengine yakafuata, na kampuni kubwa nazo zikatangaza hivyo hivyo. Kisha mwaka 2024 watafiti wa Harvard Business School na Burning Glass Institute wakachunguza ni nani hasa aliyeajiriwa baada ya matangazo kubadilishwa, wakakuta kwamba mabadiliko hayo yamewafungulia mlango wasio na shahada katika chini ya ajira moja kati ya kila 700.

Sababu yake naijua kwa kuishuhudia mezani. Mkuu wa idara aliyebakiwa na waombaji wawili, mmoja ana shahada na mwingine anasema tu kwamba kazi anaiweza, humchukua wa kwanza, maana akishindwa kazi hakuna atakayemlaumu aliyemchagua. Hofu hiyo haiondolewi na tangazo lililoandikwa upya. Inapungua pale mwombaji anapoleta kitu kinachokaguliwa, na hilo ndilo ninalotaka mlishike: msiombe kuaminiwa, pelekeni ushahidi.

Chukueni mfano wa mtu aliyeandika katika wasifu wake kwamba ana ujuzi mzuri wa Excel. Jopo linampa faili lenye orodha mbili za malipo zisizolingana, jina moja la mteja limeandikwa kwa namna tatu, baadhi ya tarehe mwezi umetangulia siku, na muda ni nusu saa. Wengi huanza papo hapo kujumlisha. Wachache huhifadhi kwanza nakala ya faili, wakazipanga orodha kwa namba za risiti, wakaona risiti moja imejirudia, na badala ya kuifuta wakaandika pembeni: “Hii imeingizwa mara mbili, naomba kuthibitisha kabla ya kuitoa.” Mwombaji wa namna hiyo nimemwona akipita hata muda ulipomwishia kabla ya kumaliza hesabu, kwa kuwa kila mtu pale mezani alijua kwamba huyu anaweza kuachiwa kazi ya fedha. Uangalifu ule hauonekani katika cheti cha aina yoyote, kiwe cha chuo kikuu au cha kozi ya mtandaoni.

Kwa hiyo wekeni kumbukumbu ya kazi mnazofanya, hata za kujitolea na za muda: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini wewe mwenyewe, kilibadilika nini, na nani anaweza kuthibitisha. Ondoeni majina ya wateja na siri za mwajiri, maana anayemwaga siri za jana huhesabiwa kuwa atamwaga na za kesho. Nanyi mlio katika fani kama udaktari au sheria, ambako leseni haipatikani bila masomo rasmi, msimsikilize anayewaambia muache chuo.

Sasa kuhusu kujifunza. “Elimu haina mwisho” mnaisikia tangu shule ya msingi, na wanaoisema kwa nadra hueleza usome nini na saa ngapi. Singapore ilijaribu kulijibu swali hilo kwa fedha: mwaka 2015 ilianzisha mpango wa SkillsFuture, na chini yake raia wenye umri wa miaka 25 na zaidi wamepewa salio la kulipia mafunzo, likianzia dola 500 za nchi hiyo. Wengi wenu hamna mpango kama huo, na naona si haki kwa mwajiri kuhubiri kujifunza huku akiwa hatoi hata saa moja ya kazi kwa ajili hiyo.

Mkiwa na muda mchache, kusanyeni matangazo ya kazi mnayoitaka, pigieni mstari majukumu yanayojirudia, mwanze na lile msiloliweza. Na mkisoma, fungeni kitabu au video mjaribu kulifanya jambo lenyewe bila kuangalia. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka, baada ya wiki moja walikuwa wameshika zaidi kuliko waliorudia kusoma, ingawa waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Jambo hili lina uzito zaidi sasa ambapo akili unde inaandika barua na kukokotoa hesabu kwa sekunde chache, kwani asiyejua misingi hawezi kutambua pale ilipokosea.

Mwisho wa usaili mtaulizwa kama mna swali. Ulizeni ni nani katika idara hiyo aliajiriwa bila shahada na sasa anafanya kazi gani, kisha ulizeni wafanyakazi hupewa muda gani wa kujifunza ndani ya saa za kazi. Mkijibiwa kwa kuonyeshwa mtu na kazi yake, tangazo lao lina msingi. Mkijibiwa kwa sifa za kampuni, ichukueni kazi kama mnaihitaji, lakini endeleeni kuomba kwingine.

Ni mimi mzee wenu.