Barua kwa Wanangu Mliorudi Mlimani Kupiga Picha

Wanangu,

Salamu nazikata fupi, maana roho bado inanichemka. Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye benchi la mama lishe mmoja pale Msewe, nasubiri samaki. Mkashuka ninyi na fulana zenu za bluu za sare, mmetoka kupiga picha Ukumbi wa Nkrumah, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mliposoma. Mama akaacha mwiko, akafuta mkono kwenye kanga, akamwendea mmoja wenu: "Mwanangu, si wewe uliyekuwa unasubiri bumu, hela yenu ya kujikimu, na ugali mkavu?" Kijana akainamia simu. "Umenifananisha, mama." Mama akarudi motoni bila neno. Samaki wangu aliungua, na sikudai mwingine.

Hakukufananisha. Mtu aliyekupakulia miaka mitatu anakujua hata ukimpa mgongo.

Nafoka hivi kwa kuwa na mimi ni mkosaji. Mwaka 1996 niliondoka Dar na deni la sahani 19 za wali maharage, kule Changanyikeni. Bumu lilichelewa, mama akawa ananiandika kwenye kauntabuku. Ukurasa wangu ulikuwa na doa la mchuzi pembeni, nalikumbuka mpaka leo. Bumu lilipotoka nikanunua viatu. Nikajiambia, nitarudi. Kurudi kwenyewe ni 2009, nimevaa suti, bahasha mfukoni. Nikakuta ukuta na geti, na mlinzi asiyejua habari za mama yeyote. Niliulizia nyumba kwa nyumba hadi magharibi, kisha nikapanda daladala ya Mwenge na bahasha yangu.

Mengine nayapitia harakaharaka. Msiwadanganye wadogo zenu kwamba enzi zenu ndipo chuo kilikuwa chuo. Mlibebana wawili kitanda kimoja. Msinung'unike kwamba mji umewapotea: mabasi ya mikoani yalihama Ubungo kwenda Mbezi tangu 2021, ulizeni mtaelekezwa. Na gari usiliegeshe mbele ya meza ya mtu anayetafuta riziki.

Ila sitawaonea ninyi tu. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako kurejesha deni la masomo, hujawahi kuiambia imekufananisha. Mama lishe hana bodi. Akipanga masufuria yake kando ya barabara, mgambo wanakuja kuyabeba, na aliyetia saini amri hiyo huenda alimaliza shahada yake kwa masufuria hayohayo. Halafu tunakaa kwenye semina kujadili uwezeshaji wa wanawake, chai inaletwa na nani?

Wewe kijana, jina lako silijui wala sikuliulizia. Nilichomuuliza mama ni kama anakudai. Akacheka. Hakudai hata senti. Alitaka tu kujua kama ulipata kazi. Yupo palepale chini ya mwembe, isipokuwa Jumapili. Wahi kabla ya saa tisa, chakula kinakwisha.