Kwa mdogo wangu aliyechaguliwa mwenyekiti wa kikoba

Mdogo wangu,

Marahaba kwa salamu zako. Nimepata habari kwamba kikoba, kikundi chenu cha kuweka akiba na kukopeshana, kimekuchagua mwenyekiti wa mzunguko mpya, nawe umewaomba watafute mwingine kwa sababu "uongozi mtu huzaliwa nao". Nakujibu hapa hadharani maana kauli hiyo inawarudisha nyuma watu wengi, hasa wanawake wanaokabidhiwa kikundi kwa mara ya kwanza, na inaniuma kila ninapoisikia.

Habari ya damu si uzushi mtupu. Huko Minnesota, Marekani, watafiti waliwalinganisha mapacha wa kufanana na wasiofanana, wanaume watupu, kuona nani amewahi kushika vyeo. Majibu yao ya mwaka 2006 yalisema takriban asilimia 30 ya tofauti baina ya watu hao ilitokana na urithi. Sehemu kubwa zaidi ilitoka kwenye maisha waliyopitia. Tena angalia walichopima: nani alipata cheo. Nani alikitendea haki, hilo ni swali jingine. Sauti nzito na ucheshi vinaweza kumpa mtu kura, lakini havimfundishi kusimamia fedha za watu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu wa Wazanaki, na bado mwaka 1961 Chuo cha Kivukoni kikafunguliwa Dar es Salaam ili viongozi wafundishwe darasani.

Sasa tuje kwenye sanduku la fedha za kikundi. Chukua kikundi cha watu 25, hisa moja shilingi 2,000, kila mtu hisa moja hadi tano kwa wiki. Mkutano mmoja wa saa moja na nusu unaweza kuingiza mpaka 250,000 za hisa, kabla hujagusa marejesho ya mikopo, mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye shida, na faini. Ukiweza kuiendesha saa moja na nusu hiyo, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Wanachama wakae kwa namba zao, nusu duara, kila mmoja aione meza. Sanduku liwekwe mbele yao likiwa limefungwa. Washika funguo watatu, ambao hawatakiwi kuwa kwenye kamati, waitwe mmoja mmoja, kila mmoja afungue kufuli yake. Kabla shilingi haijaingia wala kutoka, uliza: "Wiki iliyopita tulifunga na kiasi gani?" Wanachama wajibu kwa kumbukumbu, wahesabu fedha wahesabu kwa sauti, katibu alinganishe na daftari. Zikipishana, hata kwa 500, usiendelee na hisa. Hapo ndipo wenyeviti wengi wanapoharibu. Wanasema "tutaangalia baadaye" kwa kumwonea aibu mtunza sanduku, ambaye pengine ni rafiki. Baadaye yenyewe haifiki, na wiki ya sita ile 500 imeshakuwa ugomvi wa kisimani.

Kisha waite kuanzia namba moja hadi ya mwisho. Kila mtu aje mezani, fedha zake zihesabiwe na watu wawili, mhuri ugongwe kwenye kitabu chake akiona. Dakika moja kwa mtu inatosha. Wewe usishike noti, hata kwa nia njema. Hesabu ikigombaniwa, aliyeishika fedha hiyo hawezi tena kuwa msuluhishi.

Jambo gumu kuliko yote ni kunyamaza. Ombi la mkopo likisomwa, usitangulize maoni yako. Ukitangulia, watu ishirini watakufuata kwa heshima, na wanne wenye wasiwasi watakwenda kuyasema njiani. Uliza "Nani anaona tatizo hapa?", halafu hesabu moyoni hadi kumi na tano. Kimya hicho kitakutoa jasho. Kivumilie, kwa sababu mtu wa nyuma anahitaji muda wa kujikusanya kabla hajampinga jirani yake. Nami naamini wapole kama wewe mtalimudu hili haraka kuliko msemaji hodari, ambaye kila penye ukimya hupaziba kwa maneno yake.

Kukataa nako kuna namna yake. Tuseme katiba yenu inaweka mkopo usizidi mara tatu ya akiba. Mwanachama mwenye akiba ya 80,000 akiomba 400,000, ukisema tu "haiwezekani" atadhani umemkataa yeye. Mwambie: "Katiba yetu inatupa mara tatu, akiba yako inafika 240,000. Tuanze na hiyo, au utasubiri hisa ziongezeke?" Hapo hajavuliwa nguo mbele za watu, na kanuni imebaki palepale. Mwombaji akiwa ndugu yako, mwachie katibu asimamie ombi hilo. Mkopo wako mwenyewe uwe wa mwisho kwenye foleni.

Usijifunze yote kwa mpigo. Wiki nne za kwanza shughulika na muda tu: anza saa kumi kamili hata kama wamefika wanane, na faini ya kuchelewa itozwe bila kuangalia sura ya mtu. Ukiwangoja wachelewaji unawaadhibu waliowahi, na wiki ijayo nao watachelewa. Wiki nne zinazofuata, jizoeze kile kimya. Halafu mikopo. Kila mkutano ukiisha, mwombe mwanachama mmoja asiyekuonea haya akwambie wapi uliongea mno na nani alikatizwa. Usijitetee, andika. Ukikosa mtu wa kukurekebisha, hata kosa utalizoea.

Mzunguko ukifikisha mwezi wake wa sita, mwachie mwingine aendeshe mkutano mmoja kila mwezi, wewe ukiwa umekaa kwa namba yako. Na hesabu ya mgao ifanyeni ubaoni mapema, kabla ya siku ya kuvunja kikoba, wote wakiona: hisa na riba zikifika 7,200,000, hisa zote zikiwa 3,000, kila hisa inarudi na 2,400. Atakayepinga apinge siku hiyo, chaki ikiwa mkononi.

Jumamosi fika dakika ishirini mapema, panga viti, na waombe washika funguo wawahi wajaribu kufuli zote tatu. Chukua na mafuta kidogo ya cherehani, kufuli hushika kutu upesi.

Kaka yako